Fundi Kioo na Vifuniko vya Wodi ya Watoto

Ndugu, jamaa na marafiki, hebu kila mmoja avute picha ya karakana nyembamba yenye dirisha moja, ambamo mzee aliyevaa soksi mkononi badala ya glavu anakunja kipande cha plastiki safi kama maji juu ya waya wa moto, huku akimwomba mgeni asipumue kwa nguvu. Huyo ndiye baba yetu, babu yetu na shemeji yetu, Fundi Kioo, jina alilolikataa miaka yote, akisema kioo hukigusa anaponyoa ndevu tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na Februari 1969 aliajiriwa katika karakana ya mabango, ambako alijifunza kazi ya akriliki, plastiki angavu inayopitisha mwanga hata kuliko kioo, yenye nusu ya uzito wake, isiyotawanya vipande vikali ikivunjika, ila hukwaruzika upesi.

Mwaka 1977 hospitali ilimwagiza vifuniko vya visanduku vya joto vya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, lakini haukupita muda vikarudishwa vimejaa nyufa nyembamba kama nywele, bosi akasema fundi ana mkono mzito, naye kwa uchungu akaenda wodini kujionea, akamkuta nesi akivisugua vilivyobaki kwa spiriti ili ving'ae. Alimweleza kwa upole kwamba spiriti huila akriliki, nesi akamjibu kwamba hapo si duka la mabango, na kama anajua sana kusafisha avue viatu aingie, naye akavua, akaosha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Vifuniko vipya vilidumu, lakini aliendelea kwenda kuvikagua, hadi wenzake wakamuuliza anakagua vifuniko au nesi, na tarehe 2 Desemba 1978 yeye na nesi huyo wakafunga ndoa.

Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1980, 1983, na wa mwisho tarehe 19 Juni 1986, aliyezaliwa kabla ya wakati, akalazwa chini ya kifuniko alichokikata baba yake mwenyewe, naye baba akasimama pale akitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, akifuta kifuniko kisicho na vumbi, hadi mama akamwambia, baba watoto, acha, mtoto anataka kulala. Mtoto huyo alipona, akawa mwalimu, na ndiye anayewasomea sasa.

Mwaka 2022 marehemu aliugua mtoto wa jicho, daktari akamwekea lenzi ndogo ya plastiki ya jamii ileile, akacheka kwamba sasa anaitazama kazi yake kutoka ndani. Baadaye moyo ulidhoofika, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2024, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliofunga karakana leo kwa heshima yake.

Picha yake iliyo mbele yenu imefunikwa kwa akriliki aliyoikata mwenyewe, hivyo tunawaomba mkumbuke jambo moja, mkipita na kutaka kuifuta, tumieni maji ya sabuni na kitambaa laini. Baba, lala kwa amani, hatutaisugua.