Kona ya Kadi

Gari la farasi lilikuwa halijamaliza hata mitaa miwili ya Washington, na tayari Bwana Obadiah Crane, mgeni kutoka Ohio, alikuwa amewachosha abiria wote.

"Nimenyimwa ukuu wa posta kwa sababu ya mke wa Rais! Eti kadi ya salamu ya mke wangu iliyoachwa Ikulu haikukunjwa kona; kona ikikunjwa ni ishara kuwa mwenyewe kaileta kwa mkono wake, isipokunjwa basi kamtuma mtumishi. Bibi mkubwa kanuna, kazi kapewa mwingine. Nchi inatawaliwa na mwanamke!"

Philena Tuttle, mshonaji aliyekaa ubavuni pake, alivumilia mpaka uzalendo ukamshinda.

"Bwana wee, sisi hata kura hatuna! Yule mama anamwandikia mumewe hotuba, hamumtaji. Mkikosa vyeo ndiyo mnamkumbuka!"

"Siasa si sindano, mama."

"Wala si masharubu!"

Kengele ikalia, farasi wakasimama mbele ya Ikulu. Crane akainuka, akatoa kadi mpya ya mkewe, akaikunja kona taratibu kama anayekunja shuka la mtoto.

"Na mkeo mwenyewe yuko wapi?" Philena akamuuliza.

"Ohio," akajibu, akashuka.