Mzigo wa Ziwa

Kijiwe chetu kipo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, barazani kwa duka la vitambaa la Jaimin. Benchi ni moja na halitoshi, kwa hiyo anayechelewa anakalia marobota ya mzigo yanayosubiri lori. Ukutani, juu ya marobota, nimeandika kwa makapeni nyeusi herufi kubwa ili wapagazi wasichanganye: MBEYA, ARUSHA, KUSINI, ZIWA. Kuandika marobota ndiyo kazi yangu, ndiyo maana wananiita Kalamu. Jumatatu hiyo, saa tano ikikaribia, Sadalla alishafika na birika lake la kahawa, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa anaongelea mpira. Tulikuwa tunamjadili Joyceline.

Joyceline anauza vitenge ng'ambo ya barabara, anatandika chini, mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita aliingia kwenye Fremu Yangu, kile kipindi cha TV ambacho wafanyabiashara wadogo wanashindanishwa na mshindi anapewa fremu ya duka mwaka mzima bila kodi. Mtaa mzima tulivimba vichwa. Halafu jana majaji wakaleta maswali ya ufahamu wa jumla. Binti yetu akaulizwa: una vitenge Kigoma, unataka vifike Mwanza, utavisafirishaje? Akajibu bila kusita kwamba atavipakia kwenye meli. "Si ziwa ni lile lile?" Jaji mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Kufika asubuhi kipande hicho kilikuwa kwenye kila simu ya Kariakoo, na Joyceline yupo kwenye wawili wa mkiani, mwenye kura chache anatolewa. Kura zinafungwa saa sita mchana.

Aliyeanza ni Athanas, dalali wa malori. Tunamwita Balozi kwa sababu mipaka yote anaijua yeye, kwa maneno yake mwenyewe.

Balozi: Mimi leo sipigi kura. Katuaibisha. Kigoma ni Tanganyika, Mwanza ni Victoria. Hiyo ni darasa la nne!

Mama Uzi, yaani Violeth anayeuza uzi na sindano za kushonea marobota, hakumwachia.

Mama Uzi: Punguza, Balozi. Kwani wenzake walisema nini? Yule kaka wa suti kaulizwa makao makuu ya nchi, kasema Posta.

Jaimin: Na yule dada wa mawigi kaulizwa hela ya Zambia. Kasema dola.

Balozi: Wakati Wazambia wamejaa hapa kila siku!

Jaimin: Sasa si wanakuja na dola? Angejuaje?

Mama Uzi: Hela yao kwacha.

Injinia: Kwacha ya Malawi hiyo.

Huyo Injinia ni Pantaleo, mpagazi, mtu wa Masasi. Jina alilipata siku alipoitengeneza feni ya Jaimin. Feni haijazunguka tena tangu siku hiyo.

Balozi: Ya Zambia!

Injinia: Malawi! Wamalawi nimewabebea mzigo miaka kumi.

Balozi: Umebeba mzigo, hujabeba benki.

Walibishana vikombe viwili vizima, na haikumpitia mtu kichwani kwamba nchi mbili zinaweza kuwa na jina moja la hela. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa Malawi.

Injinia: Tatizo lenu hamjui sayansi. Pale TV wanapakwa poda. Poda inaziba vitundu vya ngozi, joto la kichwa linakosa pa kutokea. Ubongo unachemka. Gari ikichemka si inazima?

Jaimin: Na feni yangu nayo ilipakwa poda?

Mama Uzi: Acheni utani. Simu ndiyo imetumaliza. Watu hawashiki kitu kichwani siku hizi. Mume wangu namba yangu haijui.

Jaimin: Yake wewe unaijua?

Mama Uzi: Tuongelee Joyceline.

Balozi: Oya, sikilizeni. Ile kiki tu. Imepangwa. Wanatafuta mtu wa Kariakoo wamfanye kichekesho cha nchi nzima, halafu fremu inaenda kwa mtoto wa Masaki.

Mama Uzi: Si ndiyo umpigie kura sasa!

Balozi: Siwezi kumpigia mtu asiyejua ziwa.

Injinia alinyanyuka kabisa kwenye robota. Akinyanyuka, ujue linakuja kubwa.

Injinia: Mimi nasema yuko sahihi. Maziwa yote yameungana chini kwa chini. Kuna mfereji unapita chini ya Tabora.

Balozi: Chini ya Tabora!

Injinia: Maembe ya Tabora kwa nini matamu vile? Maji yanapita chini.

Mama Uzi: Basi mbona dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza hawafanani?

Injinia: Safari ile we unaionaje? Wanakonda njiani.

Jaimin: Mimi dagaa siwajui, kwetu tunakula mboga. Ila mteja wangu wa Kigoma akikusikia unamchanganyia dagaa, duka atalivunja.

Tulicheka mpaka Sadalla akaweka birika chini. Balozi akatoa simu, tukaangalia kipande kile kwa mara ya nne, na kila ilipofika "si ziwa ni lile lile" tulipiga makofi. Nami nilipiga. Hatukumwona akivuka barabara.

— Shikamooni.

Alikuwa Joyceline, na furushi la vitenge ubavuni. Balozi alisokomeza simu kwenye mfuko wa shati bila kuizima, kwa hiyo tulipoitikia marahaba, sauti ya Joyceline ikatoka kifuani mwa Balozi: si ziwa ni lile lile? Kisha kicheko cha jaji.

Sadalla alimmiminia kikombe. Hakukipokea.

Joyceline: Sijaja kuomba kura. Kila mtu na roho yake. Nina swali moja tu.

Balozi: Uliza, mwanangu.

Joyceline: Miaka sita naleta mzigo wa wateja wangu hapa. Nikija na wa Kigoma, kaka Kalamu ananiambia weka pale. Wa Mwanza, weka pale. Bukoba, Musoma, pale pale. Unaandikwa mzigo wa ziwa, unapanda lori moja, ninyi mnaupokea.

Akanyoosha kidole ukutani, kwenye herufi zangu.

Joyceline: Lile ni ziwa gani?

Ni kweli tupu. Lori la ziwa kwetu ni moja. Linakwenda mpaka Nzega, huko ndiko wanakougawa mzigo, huu wa Kigoma, huu wa Mwanza, na sisi hatujawahi kufika Nzega. Balozi ndiye anayelipakiza. Injinia ndiye anayebeba, Mama Uzi anauza uzi wa kushonea marobota yake, na mimi ndiye niliyeandika neno lile, miaka mingi kabla Joyceline hajatandika kitenge chake cha kwanza. Nilitamani ukuta uanguke.

Injinia akafungua mdomo, nikajua ni ule mfereji. Mama Uzi akamfinya paja.

Joyceline: Mimi nilidhani ninyi mnajua.

Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akaliinua furushi.

Joyceline: Huu ni wa Kigoma. Niuweke wapi?

Hakuna aliyethubutu kumwambia "weka pale." Nilichukua kitambaa, nikatemea mate, nikasugua ukutani. Makapeni ile ni ya kudumu, haikutoka hata nusu herufi. Balozi akasimama, akampokea furushi, akaliweka peke yake upande wa pili wa mlango, mbali na rundo. Akabaki ameliinamia kama vile hajui amalizie vipi.

Jaimin: Sadalla, saa ngapi?

Sadalla: Saa sita kasoro dakika saba.

Jaimin: Namba ya kura ni ngapi ile?

Balozi akaitaja yote bila kuangalia popote. Alikuwa ameishika kichwani, wiki zote nne.

Mama Uzi: Taratibu, rudia.

Akarudia. Sadalla aliinamisha birika kwenye kikombe changu, likatoa tone moja na machicha. Sote tulikuwa tumeinama kwenye simu, tunaandika Joyceline.