Ejvind na Zamu ya Vyombo

Tarehe 30 Juni, Ejvind Toftdal anakabidhi funguo za karakana ya useremala, baada ya miaka thelathini na minne katika chuo chetu cha wananchi cha Sønderlund. Alikuja kwa wiki sita tu, kushika nafasi ya mwalimu aliyevunjika mguu. Mguu ulipona zamani, Ejvind hakuondoka.

Kwenye karatasi ni mwalimu wa useremala. Sisi wa jikoni tunamjua kama bwana wa zamu ya vyombo. Chuo chetu hakina mitihani wala vyeti, na vijana wengi hufika hapa na miaka yao kumi na tisa, ishirini, hawajui waelekee wapi. Ejvind hakuwauliza wanataka kuwa nani. Aliwapa aproni. Na sheria yake haikuchagua mtu: aliyekula anaosha. Hata askofu alipotutembelea aliosha masufuria, ila niseme kweli, hayakutakata.

Ninayemkumbuka zaidi ni Alberte. Alifeli mtihani mmoja wa udaktari, akaacha masomo, akaja kwetu hasemi na mtu. Kila Ijumaa alimfuata Ejvind kumuuliza amepata alama gani.

"Stuli yako nimeikalia, sijaanguka," Ejvind alimjibu. "Unataka nini tena?"

Jumamosi moja ya Novemba mwaka juzi baba yake, daktari wa upasuaji, alikuja na gari kumrudisha nyumbani. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni. Nilimwomba Mungu kimyakimya, maana binti ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheka. Ejvind alimkaribisha mgeni mkate mweusi na samaki wa siki, halafu akamnyooshea aproni.

"Mimi?" daktari akashangaa.

"Si umekula?"

Kiongozi wa zamu siku hiyo alikuwa Alberte. "Baba, visu haviingii humo kwenye beseni! Anza na glasi. Na maji usimwage ovyo, hapa si chumba chako cha upasuaji." Wenzake wakaangua kicheko, na daktari naye akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Baadaye alimvuta Ejvind pembeni. "Sasa hapa atatoka na nini?"

"Sijui. Na yeye hajui. Ndiyo maana naomba abaki."

Daktari akalibeba sanduku mwenyewe, akalirudisha ghorofani.

Mwezi wa Machi mwaka huu Alberte alituandikia. Anasomea ukunga kule mjini Aalborg. Amefeli mtihani wa anatomia, ataurudia Agosti, na hajafungasha hata soksi. Ejvind alianza kutusomea barua hiyo mezani, alipofika nusu akanipa, nikaimalizia mimi.

Asante sana, Ejvind. Mungu awatangulie wewe na mkeo Inger-Lise huko mnakohamia kisiwani Mors, awape afya, na nyuki wenu wawe na asali ya kutosha.

Dorthe Munkholm, jikoni