Moyo wa Samaki Milia

Benchi lile lilikuwa kati ya kibanda cha fundi viatu na saluni ya kinyozi, limeegemea ukuta, mguu wake mmoja umewekewa tofali. Wenyewe walikutana hapo kila asubuhi, muuza kahawa akishatua birika lake. Alikuwepo Kinyozi, anayejua habari za kila kichwa alichowahi kukishika. Alikuwepo Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye akianza kuongea hasimami. Na alikuwepo Soli, fundi viatu mwenyewe, ambaye tangu moyo umwangushe mbele ya wateja alikuwa akigonga misumari taratibu kama mtu anayebisha hodi ukweni. Madaktari walitaka kumpasua. Yeye hakutaka hata kusikia. Asubuhi hiyo, lakini, alikuja na uso mkunjufu, na kikombe hakijamfikia akaanza.

— Jamani, mimi sipasuliwi tena. Kuna samaki.

— Samaki gani? akauliza Breki.

— Samaki milia. Mdogo hivi, kama kidole, ana mistari kama pundamilia. Binti yangu na wenzake wanamfuga kule maabara ya chuo. Jana kaniambia, samaki yule ukimkata kipande cha moyo, moyo unaota upya.

— Unaota kama ukucha?

— Kama ukucha! Na akiwa mchanga anaonekana mpaka ndani, kama kioo. Wanamweka chini ya hadubini, wanautazama moyo unavyodunda. Hakuna kisu wala nini.

Kinyozi akapiga paja.

— Ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi. Kumbe habari za maabara walikuwa nazo!

— Walisema mambo ya kulea watoto, wewe, muuza kahawa akamkatiza.

— Sasa huyo samaki mchanga si mtoto?

Soli alicheka. Siku nyingi alikuwa hajacheka.

— Binti anasema tumefanana naye kuliko tunavyodhani. Magonjwa yetu wanayachunguza kwake, dawa zetu wanazijaribu kwake. Wakiijua siri ya moyo wake, wataufundisha na huu wangu. Basi mimi nangoja dawa.

— Kufanana, kweli, alisema Breki. Nina shemeji yangu hapepesi macho. Siku zote najiuliza ametokea wapi. Lakini kungoja kwa nini? Mle! Mzimamzima, na moyo wake.

— Wewe umekula ng'ombe maisha yako yote, umeota pembe? akauliza muuza kahawa.

— Ng'ombe hana milia!

— Kumla ni ushamba, Kinyozi akaingilia. Siri iko kwenye maji. Soli alale kwenye beseni, moyo utadhani umerudi kwao. Mfa maji haachi kutapatapa!

— Huyo anakufa, Kinyozi!

— Lakini haachi! Si umesikia? Haachi!

— Mnahangaika bure, alisema Breki. Ishushwe injini yote, ifungwe ya samaki. Ni ndogo? Zifungwe nyingi, moja nyuma ya nyingine, kama betri za lori. Akipanda mlima, zote zinavuta!

Soli alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha ghafla akakishika kifua. Breki akamwondolea kikombe mkononi, Kinyozi akaanza kumpepea kwa taulo la saluni. Maumivu yalipita. Lakini Soli aliziona nyuso zao kabla hawajazigeuza, na alichokiona kilimuuma kuliko kifua.

Mama mmoja, mgeni pale mtaani, alikuwa amesimama kitambo na kiatu kilichokatika mkanda. Akasogea.

— Samahani, wazee wangu. Hiyo dawa ya samaki itatoka lini?

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama muuza kahawa. Muuza kahawa akaliinamisha birika, likatoa tone moja na mashapo ya kahawa.

Soli akatoa simu, akampigia binti yake.

— Mwanangu, ile dawa yenu itakuwa tayari lini?

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

— Baba, sijui. Hakuna anayejua. Tunajitahidi, lakini labda itakuja kuwafaa wajukuu zako.

— Na mimi?

— Wewe una madaktari wako, baba. Wapo leo. Naogopa kukuona ukingoja.

Soli akatazama chini.

— Basi njoo unichukue, mwanangu. Waambie nimekubali.

Akakipokea kiatu cha yule mama, akakishona palepale, mishono ya kubanana.

Siku ya kwenda kulazwa, binti alimkuta baba yake kwenye kiti cha saluni, kifua wazi, kimepakwa povu jeupe.

— Baba mdogo, wauguzi watamnyoa wenyewe kule, alimwambia Kinyozi.

— Wauguzi wanyoe watu wao. Huyu ni wangu.

Breki alikuwa ameshika beseni la maji ya moto. Kila wembe ulipojaa povu, alilisogeza karibu. Kinyozi alipitisha wembe polepole juu ya moyo wa rafiki yake, akafuta, akapitisha tena. Kisha akausimamisha wembe hapohapo.

— Nyoa, ndugu yangu, alisema Soli. Bado unadunda.