Bazilio Nsengimana na Mbwa Waliokuwa Kagerankanda

Marehemu Bazilio Nsengimana, tuliyekuja kumlaza hapa Heru Juu leo Alhamisi tarehe 12 Agosti 1999, alizaliwa katika kijiji hikihiki tarehe 9 Mei 1943. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nsengimana, aliyevuka kutoka Burundi akitafuta ardhi, na mkewe Niyitegeka. Wanaokumbuka wanasema alijifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbwa wa nyumbani, na kwamba mbwa ndiye aliyekuwa akiamua wanakwenda wapi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1951 na kumaliza darasa la nane mwaka 1958. Mwaka 1961 alikwenda chuo cha mifugo Mpwapwa, akarudi mwishoni mwa 1963 na cheti. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni, na vijana wa ukoo waliokatiza masomo yao walioneshwa kila Krismasi, hata kama hawakuuliza.

Januari 1964 alipangiwa Kibondo kama bwana mifugo. Alikaa huko miaka kumi na saba, kisha mwaka 1981 akahamishiwa Kasulu, alikotumikia mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1998. Alitembea kwa baiskeli, sanduku la dawa nyuma na mwavuli umefungwa kwenye mtalimbo. Mbwa wa wilaya hii walimfahamu kuliko walivyomfahamu diwani, na tuseme kweli, walimheshimu zaidi.

Mke wake, Winifrida, alimpata kazini. Mwaka 1967 aliitwa kumtibu mbuzi wa baba mkwe wake, kule Kibondo. Mbuzi akafa. Bazilio akarudi kutoa pole, akarudi tena, na tena. Mzee akamuuliza, "Kijana, mbuzi amekufa mara moja, pole unaleta mara ngapi?" Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1968, na mahari ilianza na mbuzi.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu mwingi hupita haraka. Huu hautapita, kwa sababu marehemu aliagiza usipite. Dada yake, Bi. Aline, alikataa kabisa: "Msibani hatusomi makosa ya mtu!" Mjane wake, Mama Winifrida, akajibu, "Tunasoma. Ndicho alichoniambia, na hakuniambia mara moja."

Kitu ambacho Bazilio alikichukia maisha yake yote ni nyama yenye sumu. Kila kichaa cha mbwa kilipozuka, amri ilikuwa ni hiyo: tegeni sumu, ueni wanaozurura. Yeye alisimama katika kila kikao na kusema, "Mpeni mbwa sindano. Ukichanja saba katika kila kumi, kichaa kinakosa pa kupita, na hakuna haja ya kumwua hata mmoja." Wakamwuliza, saba katika kila kumi ya mbwa wangapi? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo Januari 1995, ilipokuja barua ya kutaka wilaya chache zihesabu mbwa wao, ili namba zao zitumike kukisia mbwa wa nchi nzima na chanjo zigawiwe kwa kadiri hiyo, Bazilio aliisoma akiwa amesimama na akasahau kuketi.

Alihesabu kuanzia tarehe 6 Machi hadi 24 Machi 1995, vijiji sita, nyumba elfu moja na mia nane.

"Mwakeye, mama, umeamkaje? Hapa mna mbwa wangapi?"

"Hakuna, baba."

"Hata mmoja?"

"Labda umwandike huyu jogoo, ndiye anayetufokea."

Mtu yeyote aliyekulia Kasulu anajua mbwa wako wapi mwezi Machi. Wako Kagerankanda, kwenye vibanda vya shambani pamoja na vijana, wakilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori na nyani, na hawarudi mpaka mavuno. Bazilio alijua. Mbwa wake mwenyewe, Tarumbeta, alikuwa huko na Moses, kifungua mimba wake. Lakini alipofika nyumbani kwake na daftari, aliandika sifuri.

Mama Winifrida akamwuliza, "Na Tarumbeta?"

"Fomu imesema waliopo nyumbani siku ya kuhesabu."

Akaifuata fomu. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na watu walioiandika hawakuwahi kufukuza nguruwe pori. Akapeleka mbwa mia moja na hamsini, mmoja kwa kila nyumba kumi na mbili. Huko juu wakachukua uwiano huo wakauzidisha kwa nyumba za wilaya nyingine ambazo hazikuhesabiwa.

Juni 1995 zikaletwa dozi mia moja na themanini, na ilionekana zitabaki. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mbwa wamerudi. Kijiji cha tatu, saa nne asubuhi, zikaisha. Katika mstari wa waliokosa alikuwepo Venanti, jirani yake, amemshika mbwa wake kwa kamba ya katani. Bazilio akamwambia, "Rudi nyumbani, ndugu yangu, nyingine zinakuja." Aliamini hivyo. Hazikuja.

Novemba mbwa yule alipata kichaa, akamwuma binti wa Venanti, Niyubahwe, mwenye miaka saba. Mtoto alifariki tarehe 19 Desemba 1995.

Januari ikatoka amri ya sumu, na mwenye ruhusa ya kushika sumu wilayani alikuwa bwana mifugo. Aliitega mwenyewe, siku nne, pembeni mwa barabara. Sumu haikuuliza nani amechanjwa. Tarumbeta alikuwa miongoni mwa waliokufa. Tangu wakati huo Bazilio hakufuga tena mbwa, na kwenye vikao alikaa kimya.

Miaka miwili baadaye alianza upya. Mwishoni mwa Mei 1998, mahindi yakiwa yameshavunwa na mbwa wamerudi, alipata dozi mia mbili, akaenda mjini kwa rafiki yake Hilali kununua rangi.

"Ya mlango au ya dirisha?" Hilali akauliza.

"Ya mbwa."

"Basi nitakupa na burashi, na burashi hiyo usinirudishie, Bwana Bazilio. Hata kwa salamu."

Kila mbwa aliyechanjwa alipakwa mstari mgongoni. Alfajiri iliyofuata Bazilio alizunguka vijiji vilevile sita, akiandika wenye mstari na wasio nao. Katika kila mbwa kumi, wanne tu walikuwa na mstari. Kama mia mbili ndio wanne katika kila kumi, basi wote ni mia tano. Machi 1999, akiwa mstaafu na miguu imevimba, alikwenda Kagerankanda kuhakikisha, kibanda kwa kibanda, na mbwa walikuwepo. Aprili aliandika barua: "Namba niliyoleta mwaka 1995 ni ya uongo, na uongo huo ni wangu." Tarehe 2 Juni alijibiwa kwamba wilaya zote zilizokisiwa kwa namba yake zitahesabiwa upya.

Hiyo ilikuwa barua. Kumwambia Venanti ilikuwa kazi nyingine. Alikwenda kwake mara nyingi. Mama Winifrida alikuwa akimwuliza akirudi, "Umemwambia?" naye akijibu, "Tumeongea maharage." Safari nyingine waliongea bei ya mabati. Mtu aliyeingia kwenye nyumba elfu moja na mia nane kuuliza maswali, nyumba moja ilimshinda kutoa jibu.

Kisukari, kilichogunduliwa mwaka 1996, kiliingia kwenye figo Juni mwaka huu. Alilazwa wiki tatu, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 10 Agosti 1999, saa kumi na moja asubuhi, mkewe akiwa pembeni.

Jumanne hiyohiyo, jioni, familia ilikwenda kwa Venanti kumwomba ruhusa ya kusoma haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Yale ya Machi? Niliyajua siku nyingi," akasema. "Aliponipitia na daftari, mbwa wangu alikuwa Kagerankanda. Aliyemjibu kwamba hakuna mbwa ni mimi. Miaka minne kila akija hapa nilisema leo atasema lake, nami nipate kusema langu. Tukaongea maharage. Someni."

Marehemu ameacha mjane, Winifrida; watoto watatu, Moses, Dadi na Zuhra, huyo wa mwisho akiitwa hivyo kwa jina la mama yake Hilali; wajukuu saba; dada yake, Bi. Aline, na jirani yake Venanti, ambaye leo asubuhi alipiga jembe la kwanza la kaburi hili na hakutaka kupokewa.

Bwana ampokee Bazilio na ampe pumziko alilolikosa tangu mwaka ule.