Mshale Ambao Sikuuchora

Tarehe 30 Septemba Wobbe Dijkema anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya waongozaji wa matembezi ya topeni. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyo jirani na yake. Nilikubali kabla sijafikiri.

Alianza akiwa na miaka thelathini na moja, akivusha watu kwa miguu kutoka kwenye tuta la kuzuia bahari hadi kisiwani, maji yakiwa yamekupwa. Daftari linasema amevuka mara elfu moja mia mbili na kitu. Mkewe anasema viatu alivyoviacha topeni ni vingi zaidi ya hapo. Supu ya njegere anayoipika Wobbe ni nzito, kijiko husimama chenyewe. Kuna mwaka alimvusha bwana harusi aliyevaa koti la suti juu na kaptula chini, na bwana yule akafunga ndoa akiwa na tope hadi mapajani.

Lakini kila aliyepita mikononi mwa Wobbe anakumbuka mishale. Katika daftari la redio hakukubali umbali wala upepo uandikwe namba tupu. Lazima uchore mshale kando. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikamuuliza kwa nini. Siku hiyo nilikuwa nimembeba mwanangu Fenne, wakati huo akiwa na miezi mitano, usingizi hataki.

"Izunguke meza, mama Fenne. Hatua ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na umefika wapi?"

"Si nipo palepale!"

"Basi. Miguu imekwenda hatua kumi na mbili, wewe hujaenda popote."

Akaniambia kilo tatu za viazi ni kilo tatu, ziwe zimetazama bahari au kanisa. Joto la supu vilevile. Vitu vya namna hiyo walimu huviita skala. Namba yake inatosha. Lakini umbali kutoka kwenye nguzo ya alama kule topeni, upepo, mkondo wa maji, hivyo ni vekta, na bila upande wake umesema nusu tu. "Viazi havipotei kwenye ukungu," alisema. "Watu hupotea."

Sasa niseme lile ambalo wengi wenu mnadhani mnalijua.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, ukungu ulimshukia mwenzetu Hilbrand akiwa na watembezi kumi na mmoja. Aliita redioni: wapo kilomita mbili kutoka nguzo nyekundu, akataja na upande. Fenne alikuwa akilia mapajani mwangu, kitanda chake kando ya meza ya redio kikiwa kitupu. Niliandika mbili. Nilipoinua kichwa redio ilikuwa imekufa, na haikujibu tena. Wobbe alikuwa mlangoni, buti mguuni.

"Upande gani?"

Niliona haya kusema sijui. Nikasema, "Magharibi."

Walikuwa mashariki. Namba ni ileile mbili, lakini kati ya mbili hizo kuna kilomita nne za maji yanayojaa. Alipowafikia kwa boti maji yalikuwa vifuani mwao, na mama mmoja alilazwa wiki mbili kwa sababu ya baridi. Wote walipona, Mungu ashukuriwe.

Ripoti ilisema Wobbe Dijkema alisikia vibaya upande. Aliiandika mwenyewe. Nilimfuata nikilia, akaniambia, "Wakijua, watakuondoa wewe na hicho kitanda cha mtoto. Mimi wataninyang'anya fimbo ya kuongozea tu. Nyamaza, unywe supu."

Fimbo walimnyang'anya kweli. Tangu siku hiyo hajaongoza kundi hata moja. Miaka mitatu ametazama wengine wakishuka tuta, na mimi nikitazama mgongo wake pale dirishani. Supu niliinywa. Na nilinyamaza.

Jumatatu nilimwendea mwenyekiti. Nilifungua ukurasa ule wa daftari la redio, nikachora mshale uliokosekana, nikatia jina langu. Habari ya kazi yangu itajadiliwa kwenye kikao cha wiki ijayo. Nina matumaini, ila hilo si la leo. La leo ni kwamba ripoti imesahihishwa, na kundi la Jumamosi litaongozwa na Wobbe, fimbo yake mkononi. Tunaondoka kwenye tuta saa tatu asubuhi. Nafasi zimejaa; Hilbrand ndiye aliyejiandikisha wa kwanza.

Wobbe alipoletewa habari hakunilaumu wala hakunisifu. Alivaa miwani, akaukagua ule mshale, akasema nimeuchora umepinda.

Wobbe, tunakushukuru, na mimi nakuomba msamaha mbele ya hawa wote. Thelathini na nne ni namba tu. Miaka iliyobaki tunakuombea iwe mingi na yenye afya, na yote ielekee unakotaka wewe.

Jildou Postma, meza ya redio