Mawe Katika Maharage ya Mama Stamili

Mgeni rasmi, Daktari Wilbard, kiongozi wa utafiti wa macho na kisukari. Viongozi wa kata yetu. Wanachama wenzetu: salamu.

Sisi wanachama wa Umoja wa Wanaoishi na Kisukari Mpemba tunakukaribisha hapa Mpemba, jirani na Tunduma. Tumefurahi umekuja mwenyewe, maana kwa miaka miwili tumezungumza na madereva wako tu. Viti vya mbele tumewaachia wageni, isipokuwa kimoja. Hicho amekikalia mwenzetu, na kwa ruhusa yake tutamtaja.

TULIKOTOKA

Tulianza watu tisa, tukikutana kliniki kila Jumanne. Leo tuko sitini na wanne: wakulima wa kahawa wa Itaka, wachemsha chumvi wa Ivuna, wabeba mizigo wa mpakani, akina mama wa sokoni. Miaka miwili iliyopita ulituletea mashine. Mlitutia dawa ya kutanua mboni, mkatupiga picha nyuma ya jicho. Mlitueleza vizuri, hilo hatulikatai. Mlisema sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote mpaka siku anapokosa kuona. Mkasema anayegunduliwa mapema hutibiwa kwa mwanga wa leza na jicho likasalimika. Tukaweka dole gumba kwenye fomu za kukubali. Majibu mliahidi ndani ya miezi mitatu.

MAFANIKIO

Yetu ni madogo. Tumeacha soda, tunapimana presha, tunakumbushana vidonge.

Yako ni makubwa. Tumesikia redioni kwamba utafiti umesomwa hadi nje ya nchi. Nyuma yako limetundikwa bango lenye picha ya jicho, jekundu kama jua la jioni. Halina jina. Tangu asubuhi kila mmoja wetu analitazama akijiuliza kama ni lake.

KINACHOTUUMA

Ofisi yako inasema majibu yalitoka zamani, ila watu kumi na tisa "hawakupatikana kwa simu". Mgeni rasmi, hapa ni mpakani. Simu moja ina laini ya Tanzania na ya Zambia, leo inawaka hii, kesho ile. Hata mtoto wa chekechea wa Tunduma anajua. Anayemtaka mtu humfuata alipo.

Mmoja wa hao wasiopatikana ni Mama Stamili. Anauza maharage kando ya barabara kuu, kwenye meza ya bluu, mwaka wa kumi na moja sasa. Gari la utafiti wako husimama pale kila likielekea Mbeya. Dereva wako humwita mama mkwe.

Maharage ya Mama Stamili yalisifika kwa usafi. Mwaka jana dereva alirudi, akasimama mbele ya wateja, akasema: "Mama mkwe, bosi nusura avunje jino. Siku hizi unatuuzia kokoto?"

Watu walicheka. Mama Stamili naye alicheka, akaomba radhi, akamwongezea kisado kizima. Tangu siku hiyo akawa anachambua mara mbili, kisha mara tatu, akidhani amekuwa mzembe. Mawe yalikuwepo. Hakuyaona. Na aliyekaribia kuvunja jino ni wewe, uliyekuwa na picha ya macho yake kwenye kompyuta.

Mwezi wa nne mwaka huu jicho la kushoto lilizima. Tulimpeleka Mbeya kwa michango yetu. Daktari alisema damu imevuja ndani ya jicho, na kwamba angefika mwaka mmoja kabla, pengine lingeokolewa. Mwaka mmoja kabla! Dereva wako alikuwa mezani kwake akipimiwa maharage.

Mlitupiga mapicha, jichoni kuchungulia,
Ugonjwa mkauficha, hamkutusimulia,
Kila siku kunakucha, giza latuingilia,
Rudisheni zetu picha, hatuji kuwalilia.

TUNACHOTAKA

Hatuombi jengo wala gari. Kabla hujaonja chakula tulichokuandalia, fungua kompyuta, uwape wale kumi na tisa majibu yao, mmoja mmoja, faragha, kwa jina na si kwa namba. Wote wako hapa. Tuliwapata kwa siku mbili, kwa miguu na bodaboda.

Jicho la kulia la Mama Stamili bado linaona, kwa shida. Lipate matibabu wiki hii, na apelekwe kwa gari lile lile linalosimama mezani kwake.

Tumesikia umekuja kuzindua awamu ya pili. Mpaka hayo yafanyike, hakuna dole gumba litakalowekwa Mpemba. Utafiti hatuuchukii, anayekusomea risala hii anajichoma insulini tangu darasa la saba, na anataka kuyaona makunyanzi yake akizeeka. Lakini macho yetu si shamba la kuvuna na kuondoka.

Mwisho, mgeni haondoki kwetu mikono mitupu. Tunakukabidhi kisado cha maharage. Mama Stamili ameyachambua peke yake, jana mchana, juani. Tulipotaka kumsaidia alikataa. "Acheni," alisema. "Aone ninachoona mimi."

Hatukuyarudia kuyachambua. Mungu akubariki, akulindie macho yako yote mawili, na ukila, utafune taratibu.

Ni sisi,
Umoja wa Wanaoishi na Kisukari Mpemba

Imesomwa kwa niaba yao na Enoka Sichone, Katibu